Mwaka Tuliouita Shaba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulisoma neno mahali pamoja tu. Mahali pale nililisoma vizuri, naweza kuapa. Nilizijua herufi zake nne, nilijua kwamba nukta ya herufi ya tatu inakaa juu ya bega la kuume, kwa sababu ikihamia bega la kushoto sauti inabadilika na neno linakuwa takataka. Lakini sikwenda kutazama neno hilohilo linafanya nini kwingine. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, nikijifundisha Kiebrania peke yangu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na niliamini kwamba mtu asiyekosea herufi hawezi kukosea neno. Wiki iliyopita tumemzika Dieumerci hapa Kolwezi. Binti yake, ambaye jina lake lilitokana na neno lile, alikuja kutoka Kasaji pamoja na mama yake, akaketi karibu yangu kwenye kilio, akaniuliza jina lake maana yake nini. Tangu aniulize sijalala vizuri, na nikikosa usingizi naandika.

Wasiojua makanisa yetu huenda hawaelewi mambo ya jina la mwaka, kwa hiyo nieleze. Kila mwaka unapoanza, mchungaji anautangazia jina: mwaka wa kufunguliwa, mwaka wa kuvuka, mwaka wa kurudishiwa. Jina linaandikwa kwenye kaliko, kitambaa kirefu cheupe kinachotundikwa juu ya madhabahu, na watu wanalibeba miezi yote kumi na miwili kama mtu anavyobeba ahadi ya mjomba tajiri. Kanisa letu lilikuwa dogo, mabati juu, matofali ya udongo pembeni, na mwaka ule lilikuwa linapungua. Mchungaji aliniita sebuleni kwake. Nakumbuka viti vyenye vitambaa vilivyofumwa kwa sindano, maua ya plastiki juu ya televisheni isiyokuwa na umeme, na harufu ya samaki aliyekuwa akikaangwa nyuma ya pazia. Hakuzunguka sana.

“Kule kwa benzetu beko na neno ya Kiebrania,” alisema. “Batu betu banaenda kule. Banasema kule Mungu anaitwa kwa luga yake. Weye Ebre, banasema unasomaka ile maandiko ya kurudi nyuma. Nitafutie neno.”

Ebre ndilo jina walilonipa pale kanisani, nusu kwa heshima, nusu kwa kunicheka. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi, napiga barua za watu kwa kompyuta, na katikati ya mteja na mteja nilikuwa nachora herufi za Kiebrania nyuma ya karatasi zilizoharibika. Hakuna aliyewahi kuniomba kitu. Niliporudi nyumbani siku ile nilitafuta kwa hofu, kama mtu anayechagua mke mbele ya ukoo mzima. Nikalipata kwenye Kumbukumbu la Torati, pale Musa anapowasifia watu nchi wanayoiendea: mawe yake ni chuma, na katika vilima vyake watachimba shaba. Shaba, kwa Kiebrania, nekoshet. Niambie ni nani aliyezaliwa Kolwezi ambaye angepita pale bila kusimama. Tunalala juu ya shaba, vumbi lake liko kwenye masufuria yetu, na mtoto hapa anajua jiwe la kijani ni nini kabla hajajua jembe. Niliona kwamba Mungu alitutaja, na kwamba ni mimi niliyemsikia.

Mchora vibao wa jirani ndiye aliyeandika kaliko. Kompyuta ilikuwa imezigeuza herufi, mwisho ukawa mwanzo, na niligundua hilo wakati rangi nyekundu ilikuwa tayari imekauka. Nilimfanya aanze upya kwenye kitambaa kingine. Nilisimama nyuma ya mgongo wake mpaka akachoka nami. “Hii kadoti ya huku juu,” aliniuliza, “ni ya neno, ao ni inzi njo aliiacha ku karatasi yako?” Nilimwambia kwamba bila nukta ile neno si neno. Akaiweka nukta kwa ncha ya brashi, polepole, ulimi wake ukiwa nje, kisha akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Jumapili iliyofuata mchungaji alilitamka jina la mwaka na kanisa lote likaitikia: Nekosheti. Walilimalizia kwa i, kama tunavyomalizia kila kitu. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikiitazama ile nukta.

Dieumerci alikuwa sauti ya pili katika kwaya yetu na mchimbaji kule Mutoshi, machimbo ya pembeni ya mji, mmoja wa wale vijana wanaoshuka wenyewe chini ya ardhi na nyundo na tochi, wakitoka na shaba na kobalti ndani ya mifuko. Alinizidi umri, nilimwita yaya. Mke wake Odile nilimwita shemeki, na mara nyingi nilikula kwao kwa sababu chumba changu hakikuwa na jiko. Odile alikuwa na mimba yao ya kwanza. Dieumerci alikuwa amemwahidi kwamba kabla mtoto hajazaliwa ataacha Mutoshi nao watahamia Kasaji, upande wa magharibi kwenye njia ya reli, ambako mama yake Odile alikuwa na shamba na alikuwa anawajengea nyumba. Hilo halikuwa siri. Odile alikuwa ameanza kugawa vyungu: hiki kitaenda, hiki nitamwachia jirani. Na mara kwa mara alimhesabia mumewe, kwa vidole, wanaume wa barabara yao ambao walishuka na hawakupanda.

Mlo ninaoukumbuka kuliko yote ni wa jioni moja ya mwezi wa kwanza, mvua ikigonga mabati mpaka tukawa tunasemezana kwa kupaza sauti. Kulikuwa na bukari, ndio ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa tomsoni mmoja aliyekatwa vipande vitatu. Kichwa walinipa mimi, mgeni. Odile alisema mama yake amepiga simu, nyumba imekwisha, bado mlango tu.

“Mulango ingoje,” alisema Dieumerci. “Ebre ametoa neno, tata pasta ameitundika. Mungu anasema mwaka hii ni shaba. Mi nitoke mu shaba niende kulima mihogo? Ni kama mutu banamwita ku meza, yeye anasema ngoja, naenda kunawa ku muto.”

“Mungu alisema mwaka,” Odile akajibu. “Hakusema Mutoshi.”

“Alisema bilima. Kasaji iko na kilima gani? Ile bichuguu ya muchwa? Ebre, weye njo unajua. Sema.”

Nilikuwa na bukari mdomoni. Nilimeza haraka kwa furaha ya kuulizwa. Nikawaeleza kwamba kitenzi kilichotumika pale si cha kuokota kitu njiani, ni cha kuchonga mwamba, cha mtu anayepiga jiwe mpaka linatoa. Nikasema ni kazi ileile ya Dieumerci, neno kwa neno. Alipiga mikono, akacheka, akanipa na kipande chake cha samaki. Odile hakuwa na hasira. Aliendelea kuchagua miiba kwa vidole. “Kula, Ebre,” alisema. “Samaki inapoa.” Leo nikisikia mvua juu ya mabati nasikia sauti yangu mwenyewe ikieleza kitenzi. Kila nilichosema kilikuwa sahihi. Hiyo ndiyo sehemu nisiyoweza kuisamehe: hata mwalimu wa chuo kikuu asingenikosoa.

Mtoto alizaliwa mvua zilipokuwa zinaisha, wao wakiwa bado Kolwezi. Dieumerci alisema ataitwa Nekosheti, Neko kwa kifupi, na kwamba atatolewa kanisani Jumapili inayofuata chini ya kaliko yenye jina lake. Wiki hiyohiyo mwimbaji mmoja wa kwaya alifiwa, na mimi nikaombwa kuchagua maneno ya kusoma kwenye kilio. Nilikuwa kibandani, mchana, mama mmoja akingoja fotokopi ya kitambulisho chake. Nilifungua Maombolezo kwenye simu, kwa Kifaransa. Kuna mtu pale anayesema amezungushiwa ukuta asiweze kutoka, na mnyororo wake umefanywa kuwa mzito. Nilikuwa na tabia ya kugusa kila neno ili nione Kiebrania chake. Niligusa neno mnyororo. Zikatokea herufi nne ninazozijua kuliko jina langu, na nukta juu ya bega la kuume.

Nilidhani simu imekosea. Nikaizima, nikaiwasha. Lile neno lilikuwa palepale. Mtu yule hasemi mnyororo. Anasema shaba yangu imefanywa nzito. Wakati wao pingu zilifuliwa kwa shaba, na lugha haikuona sababu ya kutafuta neno lingine: kile unachokichimba na kile unachofungwa nacho vilikuwa na jina moja. Nikatafuta kila pahali. Samsoni, walipomtoboa macho, walimfunga kwa shaba mbili. Mfalme wa mwisho wa Yerusalemu hivyohivyo. Na katika kitabu kilekile nilimokuwa nimetoa jina la mwaka, kinywani mwa Musa yuleyule, mbele kidogo, shaba inarudi tena kama laana: mbingu juu ya kichwa chako zitakuwa shaba. Ilikuwa kurasa chache tu mbele. Ningeendelea kusoma jioni moja zaidi ningeikuta.

“Muloko,” yule mama aliniambia, kama anayemwita mdogo wake, “mashini njo imekufa, ao ni weye?”

Nilimpa karatasi zake nikafunga kibanda. Kwanza nilikwenda kwa mchungaji. Viti vilevile, maua yaleyale. Alinisikiliza vizuri, hakunikata neno. Nilipomaliza alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. “Mutoto yangu,” alisema, “kaliko iko pale juu. Unataka nitundike ingine pembeni, niandike samahani? Batu bameanza kurudi. Waache na shaba yabo.” Kisha akaomba, mkono wake juu ya kichwa changu, akamshukuru Mungu kwa kijana mwenye bidii. Alikuwa mtu mwema. Nilitoka nikiwa na haya kama mtu aliyejaribu kurudisha nguo dukani baada ya kuivaa.

Kwa Dieumerci nilifika Jumamosi alasiri. Alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi juu ya jiwe, miguu ndani ya beseni, anajisugua kwa kipande cha tofali. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai yenye maziwa. Ndani mtoto alikuwa analia na Odile alikuwa anamwimbia kwa sauti ya chini. Nilichuchumaa nikamweleza kila kitu, nikaanza na Samsoni kwa sababu nilifikiri Samsoni angemfurahisha. Aliendelea kusugua kisigino.

“Ni maneno mbili binafanana,” aliuliza, “ao ni moja?”

“Ni moja, yaya.”

“Na haukujua.”

“Sikujua.”

“Siku ile ulisema unajua. Pale ku meza. Kichwa ya samaki mu mukono.” Alisema hivyo bila ukali, kama anayekumbusha. Akatoa mguu kwenye maji, akautazama, akaurudisha. “Usiambie Odile. Akisikia, kesho tuko mu njia ya Kasaji.”

“Na si heri, yaya?”

“Heri ya nani? Hapa nikipita banasema bonjour chef, niko na batu banne nyuma yangu. Kule nitakuwa bwana ya binti ya mama mwenye shamba. Nitangoja aniambie leo tunapalilia wapi.” Akaikamua nguo aliyokuwa anajifutia, akaikunjua juu ya kamba. “Umenipatia neno mbele ya kanisa yote. Hauwezi kuniondolea huku nyuma ku beseni.”

Jumapili mchungaji alimwinua mtoto chini ya kaliko, akalitaja jina lake, watu wakapiga vigelegele. Nilipiga makofi pia. Siku zilizofuata niliendelea kula kwao, na Odile, ambaye macho yake yalikuwa wazi kuliko yangu, aliona kitu. Alikuwa jikoni anakaanga mikate ya kuuza, mtoto mgongoni, mafuta yakimrukia mkononi naye hashtuki. Aliniuliza bila kugeuka.

“Ebre, tangu tumetoa mutoto mu kanisa hauitaje jina yake. Unasema tu mutoto, mutoto. Ile neno iko na kitu ingine?”

Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi, Dieumerci alikuwa Mutoshi, na nyumba ya Kasaji ilikuwa na mlango sasa. Nilimwambia, “Hapana, shemeki. Ni shaba.” Halafu, kwa sababu alikuwa bado hajageuka, nikaanza kumweleza habari za nukta na bega la kuume. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akageuza mikate. “Haya,” alisema.

Yaliyobaki ya mwaka ule ninayakumbuka kama chumba kinachopungukiwa hewa. Kiangazi kilipokuja, kilima ambacho Dieumerci na wenzake walikuwa wanachimba kilizungushiwa ukuta, na wao wakahamia mashimo ya mbali zaidi, ya kina zaidi. Alirudi nyumbani mara chache, akiwa na kikohozi kikavu kama cha mtu anayetaka kuanza hotuba. Katika kwaya nafasi ya sauti ya pili ilikaa wazi, tukaimba hivyohivyo. Odile hakugombana naye. Aliacha kuuliza, na hilo nililiogopa zaidi. Asubuhi moja nilimkuta barazani anafunga vyungu ndani ya shuka, vile alivyokuwa amevigawa mwanzoni mwa mwaka. Nilimsaidia kukaza kamba nyuma ya pikipiki iliyokuja kumchukua. Dieumerci alikuwepo. Alimshika mtoto, akamnusa shingoni, akamrudisha. “Nitabafwata,” alisema. Odile alisema sawa, kwa sauti aliyokuwa akiwajibia wateja wanaoahidi kupita kesho.

Hakuwafuata. Mara mbili au tatu alifika Kasaji, akakaa siku chache, akarudi. Mwaka ule ulipoisha kaliko ilishushwa. Jua la dirishani lilikuwa limekula rangi, na nilipoitazama karibu niliona kwamba nukta ndiyo iliyofutika kwanza. Mchungaji aliuchagulia mwaka mpya jina yeye mwenyewe, kwa Kifaransa. Watu waliokuwa wamerudi waliondoka tena, taratibu, bila neno baya. Dieumerci aliendelea kuchimba hadi kifua kilipokataa, na mwezi huu kifua kilikataa kabisa, kitandani, mchana, redio ya jirani ikisoma matokeo ya mpira. Nilikuwa nimekaa naye. Hakutaja neno lile. Aliomba maji, akasema ni ya moto.

Kwenye kilio nilimtafuta Odile nyuma, pale wanawake walipokuwa wanakoroga bukari kwenye sufuria kubwa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia, “Shemeki, siku ile jikoni nilikudanganya.”

“Ile ya munyororo?” Alipokea mwiko kutoka kwa mwenzake, akaendelea kukoroga. “Dieumerci aliniambia yeye mwenyewe, siku nilikuwa nafunga bitu. Akacheka. Weye unazani nilikuwa nangoja Kiebrania njo nijue bwana yangu amefungwa?”

Nilisema labda bila neno langu angeondoka.

“Dieumerci?” Alinitazama kama mtu anayetazama deni la mtu mwingine. “Ebre, unapenda sana neno yako. Sogea, moshi inakuingia mu macho.”

Nilisogea. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, na nikagundua kwamba hata hatia niliyoibeba sikuwa na hakika kama ni yangu. Labda niliweka jiwe mlangoni. Labda mlango ulikuwa umefungwa kitambo, na mimi niliandika tu jina lake juu. Sitajua, na yeye aliyejua yuko chini ya ardhi, safari hii bila mfuko.

Neko alinikuta kwenye kiti cha plastiki pembeni ya turubai. Ni mwembamba, ana paji la uso la baba yake, na miguu yenye udongo mweusi wa shamba. Shuleni kwao Kasaji hakuna mwingine mwenye jina lake na mwalimu amemwambia si jina la kikristo. “Tata Ebre,” alisema, “mama anasema weye njo uliniita. Nekosheti ni nini?” Nilitoa simu. Sikumweleza kitu kwa maneno yangu. Nilimsomea kila mahali, kwa mpangilio wa kitabu, polepole: vilima, mbingu, Samsoni, mfalme, na yule aliyezungushiwa ukuta. Alisikiliza huku akichora mchangani kwa kidole cha mguu.

“Sasa mi,” aliuliza, “ni gani?”

Nilimwambia sijui. Mwaka ule tuliouita shaba ningemjibu.